Cheti Kisichojulikana: Maelezo ya Makosa ya Uthibitishaji katika Maombi Salama ya Wavuti

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hakai mbali na kompyuta. Anakusanya matini za magazeti kwa programu fupi aliyoiandika mwenyewe au aliyoandikiwa na rafiki wa idara ya sayansi ya kompyuta. Anahesabu marudio ya maneno. Anapakua makala kutoka katika kumbukumbu za mtandaoni. Ni katika kazi kama hizo ndipo anapokutana na ujumbe unaosema kwamba cheti cha seva hakikuweza kuthibitishwa. Ukurasa uleule ukifunguliwa katika kivinjari unafunguka bila tatizo lolote, ila programu inakataa katakata. Wengi hutafuta mstari mmoja wa msimbo unaounyamazisha ujumbe huo, wakaendelea na shughuli zao.

Makala haya yanakusudia kueleza ujumbe huo unasema nini hasa. Hoja yake ni kwamba kile kinachoitwa kosa la cheti si kosa moja bali ni kauli kadhaa zilizo tofauti, kila moja ikiwa na tiba yake, na kwamba kuzizima zote kwa pamoja kunaweza kumgharimu mtu fedha zake. Mfano utakaotumika ni wa kubuni, ingawa hali zilizomo ni za kawaida. Kijana mmoja wa Mitaboni, katika eneo la Kathiani, Kaunti ya Machakos, anayejifunza kuandika programu, ameombwa na mwenye duka la pembejeo sokoni amtengenezee programu ya kupokea malipo ya M-Pesa. Programu hiyo itawasiliana na Daraja, mfumo uliozinduliwa na Safaricom mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Kijana anaandika kwa lugha ya PHP, katika kompyuta yenye Windows na XAMPP. Anatuma ombi la kwanza, naye anajibiwa kwa kosa namba 60 la cURL, yaani ile maktaba ya programu inayobeba maombi yake hadi kwenye seva.

Barua na mihuri

Mazungumzo salama ya wavuti, yale ambayo anwani zake huanza kwa https, yana kazi mbili: kuficha yanayosemwa, na kuhakikisha kwamba anayesemeshwa ndiye. Wasomaji wengi huikumbuka kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Hata hivyo, ya kwanza haina maana bila ya pili, kwa sababu siri anayonong'onezwa mtu asiyejulikana imekwisha kuwa mikononi mwa asiyejulikana.

Ili ijulishe kwamba ndiyo yenyewe, seva hutoa cheti. Cheti hicho ni hati yenye jina la kikoa, ufunguo wa umma wa seva, tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kwisha, pamoja na sahihi ya mamlaka iliyokitoa. Kwa kuwa sahihi hiyo nayo yahitaji kuaminiwa, mamlaka huwa na cheti chake, ambacho huenda kimetiwa sahihi na mamlaka nyingine iliyo juu zaidi. Ngazi hizo hupanda mpaka zifike kwenye cheti mzizi, ambacho hakina wa kukishuhudia ila chenyewe.

Anayetaka kuuona utaratibu huu kwa macho ya nyumbani na amfikirie mzazi wa Mitaboni anayemwombea mwanawe basari. Anakwenda na barua ya naibu wa chifu. Karani anayeipokea barua huko Kathiani hamjui naibu huyo wala sahihi yake. Lakini barua ikiwa na muhuri wa chifu, na chifu akiwa ametambuliwa na afisa wa juu ambaye jina na sahihi yake vimo katika daftari la karani, basi barua inapokewa. Karani hakuhitaji kumjua kila naibu wa chifu nchini. Alihitaji mambo mawili tu: daftari lenye majina machache ya kuaminiwa, na barua iliyofika na mihuri yake yote ya katikati.

Kompyuta nayo ina daftari lake. Mozilla, Microsoft, Apple na Google kila moja hutunza orodha ya vyeti mzizi inavyovikubali, na orodha hizo husafiri ndani ya mifumo endeshi na vivinjari. Muhuri wa chifu, katika mfano huu, ndio cheti cha kati. Mamlaka hupenda kuuweka ufunguo wa cheti mzizi mahali palipotengwa na mtandao, nazo kazi ya kila siku ya kutia sahihi huachiwa vyeti vya kati.

"Simjui"

Ndani ya kosa 60 mna kauli nyingine iliyo mahususi zaidi, inayotoka katika maktaba ya OpenSSL, na kila kauli ina namba yake. Inayomkabili kijana wa Mitaboni ni namba 20. Maana yake ni nyepesi: "Nimetafuta katika daftari langu aliyetia sahihi hapa, sikumwona." Haisemi kwamba cheti ni cha uongo. Inasema tu kwamba shahidi hajulikani kwa anayeuliza.

Katika kompyuta ya aina hiyo, mara nyingi sababu ni kwamba daftari lenyewe halipo. cURL ya PHP inayotumia OpenSSL katika Windows kwa kawaida haisomi orodha ya vyeti ya Windows; hungoja ielekezwe faili ya vyeti mzizi, na isipoelekezwa inabaki bila hata jina moja. Ndiyo maana kivinjari kinafunguka na programu inakataa: ni makarani wawili wenye madaftari mawili. Tiba ni kupakua faili iitwayo cacert.pem kutoka katika tovuti ya mradi wa cURL, ambayo hutengenezwa kutokana na orodha ya Mozilla, kisha kuitaja njia yake ndani ya faili ya php.ini katika mistari miwili, curl.cainfo na openssl.cafile, na kuiwasha upya seva ya Apache. Hapa wengi hupoteza jioni nzima, kwani baadhi ya vifurushi vya PHP vina faili mbili za php.ini, moja ikisomwa na seva na nyingine na dirisha la amri. Mtu hurekebisha moja na kuijaribu nyingine. Amri ya phpinfo humwonyesha ni ipi inayosomwa.

Wanaotumia Python wana daftari la tatu. Maktaba ya requests hubeba orodha yake katika kifurushi kiitwacho certifi, na kifurushi hicho kikizeeka huwa hakiwajui mashahidi wapya, kukisasisha kwatosha. Katika kompyuta za Mac, Python iliyopakuliwa kutoka python.org huja na faili ndogo ya kusakinisha vyeti, ambayo mtumiaji hupaswa kuibofya mara moja baada ya kuisakinisha Python. Java ina faili yake ya cacerts. Msingi wa yote ni mmoja: kabla ya kuilaumu seva, ijulikane ni daftari lipi linalosomwa.

Hali huwa tofauti namba 20 inapofuatwa na namba 21. Mara nyingi hapo daftari ni zima, ila barua imefika bila muhuri wa chifu: aliyeiweka seva amesahau kuambatisha cheti cha kati. Kivinjari huweza kusamehe kasoro hiyo kwa kuwa kina uzoefu. Ama kimekwisha kukiona cheti cha kati kwingineko, ama kinakifuata kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya cheti cha seva. Ni kama karani mzee anayemjua chifu kwa sura. Programu fupi haina uzoefu huo. Inapokea ilichopewa na kuhukumu kwa hicho. Amri ya openssl s_client, ikipewa jina la seva, mlango 443 na nyongeza ya showcerts, huonyesha vyeti vyote vilivyotumwa. Kikitokea kimoja tu, tatizo kwa kawaida liko kwa mwenye seva. Kijana wa Mitaboni naye ni mwenye seva, kwa kuwa Daraja hutuma matokeo ya malipo kwenye anwani aliyoitaja yeye, na akisahau cheti cha kati, atakayelazimika kusema "simjui" ni upande wa pili.

Ipo pia namba 19, ambayo husema kwamba mnyororo umekamilika ila umeishia kwa mzizi uliojitilia sahihi na usiomo daftarini. Hii huzuka zaidi pale ambapo kuna mtu katikati. Baadhi ya programu za kingavirusi hufungua mazungumzo salama ili ziyakague, kisha huyafunga tena kwa vyeti vyao wenyewe. Proksi za ofisi na za vyuo huweza kufanya vivyo hivyo. Cheti mzizi chao huwekwa katika orodha ya Windows, basi kivinjari hakishtuki, lakini PHP hushtuka. Ikiwa mtu wa katikati anajulikana na ana haki ya kuwapo, cheti chake kinaweza kuongezwa katika faili ya vyeti ya kompyuta hiyo. Ikiwa hajulikani, basi uthibitishaji umefanya hasa kazi iliyowekewa, na shughuli yapaswa kusimama hapo.

Saa, na jina

Kauli nyingine hazihusu shahidi kabisa. Namba 9 husema kwamba wakati wa cheti haujafika, na namba 10 kwamba umepita. Katika kompyuta kuukuu, sababu ya kwanza ya kushukiwa ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032 mara nyingi. Betri hiyo ikifa, umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka mingi, na cheti kilichotolewa mwezi uliopita huonekana kuwa ni cha siku za usoni. Hakuna msimbo wa kurekebisha hapo. Betri ibadilishwe na saa irekebishwe.

Namba 62 husema: "Cheti ni kizuri, ila jina si lake." Hutokea mwandishi anapoandika anwani ya tarakimu badala ya jina la kikoa, au anapojaribu seva kwa jina ambalo halikuorodheshwa katika cheti. Hutokea pia katika Wi-Fi ya kulipia, ambapo ukurasa wa malipo hujibu kwa niaba ya kila tovuti mpaka mteja alipe.

Kisa kilichochanganya watu wengi zaidi ni kile cha 30 Septemba 2021. Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo tangu mwisho wa mwaka 2015, ilianza ikitegemea ushahidi wa mzizi mkongwe uitwao DST Root CA X3, ambao ulikwisha muda siku hiyo. Mzizi wake wenyewe, ISRG Root X1, ulikuwa umekwisha kuingia katika madaftari mengi. Lakini simu za Android za kabla ya toleo 7.1.1 hazikuujua, nazo hazijali tarehe ya kwisha ya mzizi. Kwa ajili yao mnyororo uliendelea kutumwa ukiwa na kiungo kinachoelekea kwa mzizi mkongwe. Huruma hiyo kwa simu kuukuu iliziumiza seva kuukuu: OpenSSL ya toleo 1.0.2 na ya kabla yake ilikifuata kiungo hicho hadi mwisho, ikaukuta mzizi uliokwisha muda, ikakataa kwa namba 10, hata pale ambapo mzizi mpya ulikuwamo daftarini. Watu waliangalia tarehe ya cheti cha seva wakaiona ni nzima, wasielewe. Mojawapo ya tiba ilikuwa kinyume cha matarajio: kuufuta mzizi mkongwe, ili programu ikose njia ya kuufikia na iridhike na ule mpya. Kukubali toleo jipya la OpenSSL kulikuwa bora zaidi, ila si kila seva ingeweza kupewa toleo jipya kwa siku moja.

Kuziba masikio

Kijana wa Mitaboni, asipoyajua haya, ana njia fupi mbele yake. Katika PHP huandika kwamba CURLOPT_SSL_VERIFYPEER ni uongo; katika Python huandika verify=False. Ujumbe hutoweka papo hapo, programu hufanya kazi, na mwenye duka hufurahi. Kilichotoweka, hata hivyo, ni maswali karibu yote kwa pamoja: nani kakushuhudia, muda wako haujapita, na wakati mwingine jina lako nani. Mazungumzo bado yamefichwa, ila hayajulikani yamefichwa kati ya nani na nani.

Athari yake kwa duka la pembejeo si ya kinadharia. Katika hatua ya kwanza ya kuzungumza na Daraja, programu hutuma ufunguo wa mteja na siri yake ili ipewe kibali cha saa moja. Viwili hivyo husafiri vikiwa vimegeuzwa kwa base64, ambayo ni namna ya kuandika tu na si namna ya kuficha. Yeyote anayevipokea huvigeuza tena mara moja. Mtu aliyejiweka katikati, kwa mfano katika Wi-Fi ya pamoja ya soko, akionyesha cheti chochote alichojitengenezea, atapokelewa, na atavipata vyote viwili. Anaweza pia kuyageuza majibu. Programu ikiuliza kama mteja amelipa, jibu la "bado" linaweza kufika likiwa "tayari", stakabadhi ikachapishwa, na mifuko ya mbolea ikapakiwa kwenye bodaboda. Jioni mwenye duka atahesabu na kukuta mifuko imepungua na fedha hazikuingia, na hakuna mahali patakapoonyesha kosa, kwa kuwa kosa lilikuwa limezimwa.

Wala si waandishi chipukizi pekee wanaojikwaa hapa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na wa Stanford walichapisha uchunguzi wa programu zisizo vivinjari, wakaonyesha kwamba uthibitishaji ulikuwa umevunjika katika nyingi, zikiwamo maktaba za PHP za malipo za Amazon na PayPal. Mojawapo ya sababu walizozieleza ina mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa semantiki. cURL ilikuwa na chaguo la kulinganisha jina, CURLOPT_SSL_VERIFYHOST, lililotaka thamani ya 2. Thamani ya 1 ilimaanisha tu kwamba jina lolote liwemo ndani ya cheti, pasi na kujali ni la nani. Waandishi wenye nia njema waliandika "kweli", wakidhani wanasema "ndiyo, linganisha". PHP iliigeuza "kweli" kuwa 1. Kwa kusema ndiyo, walikuwa wamesema hapana. Novemba 2012, katika toleo 7.28.1, cURL iliacha kuikubali thamani hiyo.

Haidaiwi hapa kwamba daftari la mizizi halina doa. Mwaka 2011 mamlaka ya Uholanzi iitwayo DigiNotar ilivamiwa, na miongoni mwa vyeti bandia vilivyotoka humo kimoja kilikuwa cha google.com, ambacho kilitumika kuwapeleleza watumiaji nchini Iran. Cheti hicho kingeipita kila namba iliyotajwa katika makala haya, kwani shahidi wake alikuwa daftarini. DigiNotar iliondolewa katika orodha za vivinjari na kufilisika mwaka huohuo. Udhaifu huo, hata hivyo, ni hoja ya kulitunza daftari na kulisasisha.

Suala la istilahi

Sehemu ya tatizo ni ya lugha. Ujumbe wa namba 20 kwa Kiingereza una neno ambalo msomaji wa Kenya huweza kulifasiri kuwa "wa hapa nchini", akadhani kwamba anatakiwa kununua cheti kwa mamlaka ya Kenya, ilhali neno hilo larejelea kompyuta yake mwenyewe. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ulionyesha kwamba menyu na jumbe za programu zaweza kusemwa kwa lugha hii bila kulemewa. Jumbe za vyeti zinastahili jitihada kama hiyo.

Istilahi zilizotumika hapa, yaani cheti mzizi, cheti cha kati, mnyororo wa vyeti na cheti kilichojitilia sahihi, hazihitaji utetezi mrefu. Penye mjadala ni katika kitenzi. Tafsiri ya haraka ya namba 20 ingekuwa "cheti hakiaminiki", na humo ndimo kosa linapozaliwa. Mtu asiyeaminika kwa Kiswahili ni mtu aliyekwisha kupimwa akapatikana na hila. Asiyejulikana ni mgeni tu. Ujumbe ukisema "hakiaminiki", msomaji anayejua kwamba Safaricom si matapeli ataona kompyuta imekosea na ataizima. Ukisema "aliyekitia sahihi hajulikani katika kompyuta hii", atauliza ni wapi anapopaswa kujulishwa. Vivyo hivyo, namba 62 ingefaa kusema "cheti hiki ni cha jina jingine", nayo namba 21 "cheti cha kati hakikuletwa".

Umri wa vyeti

Lipo jambo moja ambalo litazifanya kauli hizi zisikike mara nyingi zaidi. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90 tangu mwanzo, na tangu Septemba 2020 vyeti vya mamlaka nyingine vilifungwa kwenye siku 398. Aprili 2025 baraza la mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipiga kura ya kuushusha ukomo huo kwa hatua: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029.

Wapo waandishi ambao, wakisumbuliwa na namba 20, huchukua cheti cha seva yenyewe na kukihifadhi ndani ya programu ili kiwe ndicho pekee kinachokubaliwa. Ni afadhali kuliko kuziba masikio, na kwa muda huleta utulivu. Lakini seva inapopewa cheti kipya, programu hiyo hukataa, nayo italazimika kufunguliwa na kurekebishwa kila cheti kinapobadilishwa, hata ikiwa aliyeiandika amekwisha kuhamia Nairobi na mwenye duka amebaki nayo sokoni. Iliyoelekezwa kwenye faili ya vyeti mzizi, na faili hiyo ikasasishwa mara mbili tatu kwa mwaka, haitajua kwamba cheti cha seva kimebadilishwa.